Mzee Ojwang' na Uzito wa Kicheko: Namna ya Kumchambua Mhusika wa Kuchekesha

Utangulizi

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kusahihisha jibu kama hili, au wewe mtahiniwa umewahi kuliandika: "Mhusika huyu ni mcheshi. Anachekesha watu." Sentensi hizi mbili hazina kosa la sarufi. Hata hivyo, hazielezi lolote. Ya pili inarudia ya kwanza kwa maneno mengine, na mtahini anayetafuta hoja pamoja na ithibati yake atasonga mbele bila kutoa alama.

Kosa hili si la kutojua kusoma. Ni la mazoea. Mhusika anayelia tunampa heshima na kumchambua. Mhusika anayechekesha tunamcheka, kisha tunampita. Tunadhani kwamba uzito wa kazi ya fasihi umo katika tanzia, na kwamba ramsa na futuhi ni kitulizo cha kumpumzisha msomaji kabla ya mambo ya maana kurejea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ni potovu, na kwamba mhusika wa kuchekesha anahitaji kuchambuliwa kwa makini zaidi kuliko wengine. Sababu ni kwamba kicheko humwangukia mtu, na ni wajibu wa mhakiki kujua kimemwangukia nani.

Ili kulifafanua jambo hili nimechagua mfano ambao Wakenya wengi waliujua kabla hawajajua neno "uhusika". Huyu ni marehemu Benson Wanjau, mwigizaji aliyejulikana nchini kote kama Mzee Ojwang' Hatari.

Benson Wanjau na kazi yake

Benson Wanjau aliigiza katika televisheni ya taifa kwa zaidi ya miaka 30. Alionekana katika vipindi vya Kiswahili vilivyopendwa sana, hasa Vitimbi na Vioja Mahakamani. Katika Vitimbi aliigiza pamoja na Mary Khavere, aliyejulikana kama Mama Kayai, na wawili hao waliishi machoni pa watazamaji kama mume na mke kwa miaka mingi. Wanjau alifariki tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78.

Ni muhimu, ewe mwalimu, kuwaeleza wanafunzi wako mazingira ya kazi hii. Wengi wao walizaliwa katika nyakati za simu na chaneli zisizohesabika. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 ilirudishiwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC, ndiyo iliyokuwa televisheni ya pekee nchini hadi kituo cha KTN kilipoanza mwaka wa 1990. Hata baada ya hapo, sehemu nyingi za mashambani ziliendelea kupata KBC pekee kwa miaka mingi. Kwa hivyo mwigizaji wa Vitimbi hakuwa akiwaigizia watu waliomchagua. Aliingia katika kila nyumba yenye runinga. Waliomtazama hawakuwa na kabila moja, dini moja wala umri mmoja. Mchekeshaji aliye mbele ya hadhira ya namna hiyo akikosea, huikosea nchi nzima jioni moja.

Mimi ni mmoja wa watoto wa jioni hizo. Nilikulia katika mtaa mmoja wa Nakuru ambapo nyumba zilipangana na choo kilikuwa cha wote. Runinga ilikuwa moja, ndogo, isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari. Mwenye runinga alikuwa jirani yetu, fundi wa baiskeli, Mjaluo aliyetoka Siaya. Siku ya Vitimbi tulijazana kwake tukakaa sakafuni. Ojwang' alipofungua kinywa, fundi ndiye aliyecheka kuliko sote. Alijipiga paja na kusema, "Huyo ni wetu!" Kisha jioni moja mama yangu, ambaye ni Mkikuyu, alisikia mahali kwamba jina halisi la mzee yule ni Wanjau. Akaja na habari hiyo kama aliyeokota noti. "Baba," akamwambia fundi, "huyo ni wetu." Mabishano yaliyofuata yalikuwa matamu kuliko kipindi chenyewe. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nikipata somo langu la kwanza la uhakiki. Nitaeleza kwa nini.

Mwigizaji si mhusika

Hoja ya kwanza tunayoipata katika kazi ya Wanjau ni tofauti kati ya mwigizaji na mhusika. Mhusika ni kiumbe wa sanaa. Anaishi ndani ya kazi ya fasihi, ana tabia na hulka alizopewa, na kazi ikiisha naye huisha. Mwigizaji ni binadamu mwenye mwili anayemkopesha mhusika huyo sauti, uso, mwendo na pumzi. Ojwang' alikuwa mhusika. Wanjau alikuwa mwigizaji. Fundi alikuwa akimdai mhusika, mama alikuwa akimdai mwigizaji, na kila mmoja alikuwa sahihi.

Mtahiniwa anayelielewa jambo hili hatachanganya mtunzi na msimulizi katika riwaya, wala hatachanganya mshairi na nafsineni katika shairi. Swali la ushairi linapokutaka umtambue nafsineni, linakuuliza jambo lile lile: ni nani anayesema humu ndani? Jibu si jina lililoandikwa juu ya shairi. Mshairi wa kike anaweza kutunga kwa nafsi ya mwanamume mzee, kama vile Wanjau alivyoweza kusema kwa ulimi ambao haukuwa wake.

Tofauti hii ilikuwa na gharama yake. Jina la Ojwang' lilimfunika mwenye jina. Wapo waliomtazama kwa miaka mingi pasipo kujua kwamba kuna mtu anayeitwa Benson Wanjau. Hali kama hiyo ilimpata pia mchekeshaji mashuhuri wa Tanga nchini Tanzania, Amri Athumani, aliyezaliwa mwaka wa 1948 na kufariki mwaka wa 2018, ambaye ulimwengu wa Kiswahili ulimjua kwa jina la King Majuto. Umma humkumbatia mhusika na kumsahau mtu. Hilo ni jambo la kuligusia darasani unapofunza sifa za mwigizaji bora: mwigizaji anapofaulu kabisa, yeye mwenyewe haonekani tena.

Ulimi wa jirani

Hoja ya pili ni lugha. Wanjau alizaliwa katika jamii ya Wakikuyu. Ojwang' alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Hebu tutazame kazi iliyomo katika sentensi hizo mbili, kwa sababu wengi huichukulia kuwa rahisi.

Kila mzungumzaji wa lugha ya pili huathiriwa na lugha ya kwanza. Dholuo haina sauti /sh/, /z/ wala /v/. Mzungumzaji wake ambaye hajazoea Kiswahili huelekea kutamka "silingi" badala ya "shilingi", na "sawadi" badala ya "zawadi". Kikuyu nacho kina athari zake. Mzungumzaji wake huweza kuchanganya /l/ na /r/, hivi kwamba kalamu ya mwanafunzi inageuka kuwa karamu na watu wakaja kula. Aidha, huweza kutanguliza nazali mbele ya /b/, /d/ na /g/ pasipohitajika.

Kwa hivyo Wanjau alikuwa na kazi mbili kila alipofungua kinywa mbele ya kamera. Kwanza, alihitaji kuweka kando athari za lugha ya nyumbani kwake. Pili, alihitaji kuvaa athari za lugha ya jirani, na kuzivaa sawasawa, wiki baada ya wiki, miaka baada ya miaka, bila ya kuteleza. Mtu anayeiga lafudhi kwa dakika mbili mezani huchekesha kwa sababu ya kutia chumvi. Lakini huwezi kuishi katika chumvi kwa miaka 30. Ili mhusika adumu kiasi hicho, lafudhi yake lazima iwe ya mtu, isiwe ya mzaha. Iwe na hasira yake, na mapenzi yake, na uongo wake, na uchovu wake. Ojwang' alibembeleza kwa lafudhi ile ile aliyogombea nayo.

Hapa ndipo mhakiki anapopata istilahi ya kutumia. Lafudhi katika tamthilia na maigizo ni kipengele cha mtindo. Ni mbinu ya usawiri wa wahusika, sawa na maleba, mwendo na majina. Mtahiniwa akiulizwa jinsi mwandishi alivyotumia lugha kumjenga mhusika, asiishie kutaja methali na tashbihi pekee. Atazame pia namna mhusika anavyotamka, anavyokatiza maneno, anavyochanganya ndimi, na nani anasemeshwa hivyo na nani hasemeshwi.

Kicheko kilianguka wapi?

Sasa tuingie katika hoja iliyo nzito zaidi. Mtu wa jamii moja akiiga lafudhi ya jamii nyingine ili watu wacheke, je, hiyo si dharau? Hili ni swali la haki, na mwalimu asilikwepe. Katika nchi yetu, lafudhi si jambo dogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, palikuwa na mahali ambapo jina la mtu au namna ya kutamka neno moja iliweza kuamua kama angefika nyumbani salama. Nilikuwa kijana wakati huo. Fundi wa baiskeli aliondoka mtaani kwetu mwezi wa Januari mwaka wa 2008, yeye na watu wake, juu ya lori, na runinga yake imefungwa katika blanketi. Mama yangu aliwapa chapati za njiani. Hawakurudi. Tangu siku hiyo sijaweza kulichukulia jambo la lafudhi kuwa mchezo.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa mwalimu mchanga katika shule ambayo sitaitaja. Tulikuwa tukiandaa mchezo wa tamasha. Mwanafunzi mmoja alipewa sehemu ya bawabu, na wenzake wakamshauri amseme "kama Ojwang'". Alifanya hivyo na ukumbi ukacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nikamwona msichana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye kweli alitamka "silingi", akiinamisha kichwa. Juma zima lililofuata hakujibu swali hata moja darasani. Nilipomwita na kumuuliza, aliniambia, "Mwalimu, nikiongea watacheka."

Nilijitetea moyoni kwa kusema kwamba ni mtindo wa Ojwang' tu, na kwamba fundi wetu alikuwa akicheka. Lakini kwa nini fundi alicheka na msichana huyu akanyamaza? Nililala na swali hilo siku kadhaa, na jibu nililolipata ndilo kiini cha makala haya.

Katika mchezo wetu, bawabu hakuwa na chochote isipokuwa lafudhi. Hakuwa na nia, hakuwa na hila, hakuwa na mke wa kumjibu. Ukimwondolea lafudhi, hakubaki mtu. Kwa hivyo kicheko kilikuwa na mahali pamoja tu pa kuangukia, napo ni ulimi wa kila mtu azungumzaye hivyo. Ojwang' alikuwa tofauti. Alikuwa mzee mwenye maneno mengi, mbishi, aliyejiona mjanja kuliko wote, na ambaye ujanja wake ulimrudia mwenyewe. Tulimcheka kwa sababu ya kujidai kwake. Tulimcheka kwa sababu Mama Kayai alimwona ndani na nje hata kabla hajamaliza kusema uongo. Kujidai hakuna kabila. Mwondolee Ojwang' lafudhi yake na bado una mzee wa kuchekesha, na huenda ni baba yako mdogo.

Hiyo ndiyo sababu fundi alisema "huyo ni wetu". Hakuona ulimi wake ukichekwa. Alimwona mtu kamili, anayezungumza kama yeye, akiwa katikati ya runinga ya taifa, na nchi nzima ikisubiri aseme nini. Sidai kwamba kila mtazamaji alicheka kwa moyo huo, wala kwamba kila kichekesho cha lafudhi kilichotengenezwa katika televisheni zetu kina heshima hiyo. Vingi havina. Ninachosema ni kwamba mhakiki ana kipimo: ondoa lafudhi, kisha tazama kama kuna mtu aliyebaki.

Tulibadilisha sehemu ya bawabu. Tulimpa jambo la kutaka na siri ya kuficha, tukamwacha azungumze kama mwigizaji mwenyewe anavyozungumza. Ukumbi ulicheka zaidi. Na msichana wa kiti cha nyuma ndiye aliyepewa sehemu hiyo mwaka uliofuata.

Mhusika bapa, lakini si mtupu

Baadhi ya wasomaji watapinga na kusema kwamba Ojwang' alikuwa mhusika bapa, yaani mhusika asiyebadilika, na kwamba mhusika bapa hana thamani kubwa ya kifasihi. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ojwang' hakubadilika. Kipindi kilipoisha alikuwa amefundishwa adabu, na wiki iliyofuata alirudi na ujanja mpya kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa istilahi za wahusika tunaweza kumwita bapa-sugu, kwa kuwa alijulikana hata kabla hajaingia jukwaani.

Sehemu ya pili ya pingamizi hilo ndiyo isiyokubalika. Mhusika bapa si mhusika mtupu. Tofauti kati ya bapa na duara ni tofauti ya mabadiliko, si ya ubora. Tazama hadithi zetu za fasihi simulizi. Sungura habadiliki, wala Fisi. Fisi angejifunza kuacha ulafi, tungepoteza nusu ya ngano zetu. Uthabiti wao ndio unaotuwezesha kuona kitu kingine kinachobadilika, yaani hali wanamoingizwa. Kwa kuwa tabia ya Ojwang' ilijulikana, kila hali mpya iliyoletwa kipindini ilipimwa dhidi yake. Ni kama mizani: jiwe la kupimia halibadiliki, bidhaa ndizo zinazobadilika.

Aidha, uthabiti huo ndio unaozaa kinaya cha kiuigizaji, ambapo hadhira inajua jambo asilolijua mhusika. Mtazamaji alijua Ojwang' ataanguka. Ojwang' pekee ndiye hakujua. Kicheko kilianza kabla ya kosa lenyewe, mara tu alipoonyesha uso wa mtu aliyepata wazo zuri. Wewe mtahiniwa, ukikutana na mhusika wa namna hii, usiandike tu kwamba "ni bapa". Eleza ubapa wake unamtumikia nani na kuonyesha nini.

Vilevile, tusisahau mhusika foili, yaani anayemulika sifa za mwenzake kwa kuwa tofauti naye. Mama Kayai alikuwa na akili ya kutenda mahali ambapo Ojwang' alikuwa na akili ya kusema. Bila yeye, majisifu ya mzee yangekuwa kelele tupu. Mchekeshaji hachekeshi peke yake. Anahitaji mtu wa kutocheka.

Kicheko kinapoisha

Miaka michache kabla ya kifo chake, Wanjau alipata matatizo ya macho. Habari zilipoenea, Wakenya walimchangia fedha za matibabu. Wachangaji hao walitoka kila pembe, na wengi wao hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Jambo hilo lilipongezwa sana, na lilistahili pongezi. Lakini linatuachia swali. Mtu aliyeichekesha nchi kwa zaidi ya miaka 30 katika televisheni ya umma, kwa nini alihitaji mchango ili atibiwe macho?

Swali hili ni la kifasihi pia. Maudhui ya nafasi ya msanii katika jamii yamo katika kazi nyingi tunazozifunza. Tunapowauliza wanafunzi waeleze jinsi jamii inavyomtumia msanii na kumsahau, wengi hutafuta mifano ya mbali. Hapa pana mfano wa nyumbani. Tulimpenda Ojwang', ambaye hakuhitaji kitu kwa kuwa hakuwepo. Wanjau, aliyekuwepo, aliyezeeka na kuugua, tulimkumbuka kwa kuchelewa. Hicho ni kinaya kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuonyeshwa katika Vitimbi. Na hapa ndipo tofauti ya mwigizaji na mhusika, iliyoonekana kuwa jambo la istilahi tu, inapogeuka kuwa jambo la chakula na dawa.

Kutoka runingani hadi karatasi ya mtihani

Je, mtahiniwa wa Karatasi ya 102/3 atanufaika vipi na haya? Ninapendekeza maswali matatu ya kujiuliza kila unapokutana na mhusika wa kuchekesha katika kitabu chochote.

Kwanza, kicheko kinaangukia nini? Kinaweza kuangukia tabia, kama vile tamaa au unafiki. Cheo, kama vile kiongozi anayejidai. Hali, kama vile umaskini. Au umbile na ulimi wa mtu. Mwandishi makini hucheka yale ambayo mtu angeweza kuyarekebisha. Ukitambua kicheko kimeangukia wapi, umetambua dhamira.

Pili, nani anacheka? Wakati mwingine ni hadhira pekee. Wakati mwingine ni wahusika wenzake. Wakati mwingine mhusika anajicheka mwenyewe. Mnyonge anayemcheka mkubwa ana maana tofauti na mkubwa anayemcheka mnyonge. Cha kwanza huitwa kejeli na huwa silaha. Cha pili mara nyingi ni dhuluma iliyovaa meno.

Tatu, nini kinabaki kicheko kikiisha? Kama hakibaki chochote, huyo ni kikaragosi. Kama anabaki mtu, au swali, au aibu, basi mwandishi amefanya kazi.

Tuchukue mfano wa tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa. Ngurumo ni mlevi wa Mangweni, anakouziwa pombe na Mamapima. Maneno yake huchekesha. Jibu dhaifu litasema, "Ngurumo ni mcheshi na mlevi." Sasa tumia maswali yetu. Kicheko kinaangukia nini? Kinaangukia kuridhika kwake: soko limefungwa, riziki za watu zimepotea, naye anaona raha tele mbele ya kata. Nani anacheka? Wanacheka walevi wenzake, ambao wao pia ndio wanaoumia. Nini kinabaki? Kinabaki kitisho, kwa sababu tunaona jinsi utawala mbaya unavyoweza kuwafanya wanaodhulumiwa kuwacheka wale wanaowatetea. Jibu lenye nguvu litasomeka hivi: "Ngurumo ni kipofu wa hali yake. Anafurahia ulevi huku soko likiwa limefungwa, na kumkejeli Tunu anayewapigania. Kupitia kwake mwandishi anaonyesha jinsi pombe inavyotumiwa kuwapumbaza raia." Tabia imetajwa, ithibati imetolewa, na umuhimu wake umeelezwa.

Ewe mwalimu, zoezi hili linafaa sana kwa wanafunzi wanaoogopa tamthilia. Waanze na mtu wanayemjua: mchekeshaji wa runinga, au jamaa mmoja wa kijijini ambaye huchekesha matangani. Wamjibie maswali matatu. Kisha ndipo wafungue kitabu.

Hitimisho

Tumeona kwamba mhusika wa kuchekesha hujengwa kwa kazi, na kwamba kazi hiyo inaweza kuchambuliwa kwa istilahi zile zile tunazozitumia kwa wahusika wa tanzia. Tumetofautisha mwigizaji na mhusika, tumeiona lafudhi kama mbinu ya usawiri, na tumemtetea mhusika bapa dhidi ya wanaomdharau. Zaidi ya yote, tumesema kwamba kicheko kina uzito, na kwamba hakuna kinachoanguka bila kutua mahali.

Sijui fundi wa baiskeli alikuwa wapi jioni ya tarehe 12 Julai 2015. Nilipompigia mama simu kumpa habari za msiba, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Wetu ameenda." Sikumuuliza alimaanisha nani kwa "wetu". Nadhani neno hilo lilikuwa limepanuka.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya mwigizaji na mhusika, kisha uonyeshe jinsi tofauti hiyo inavyofanana na ile ya mshairi na nafsineni.
2. "Mhusika bapa si mhusika mtupu." Jadili kauli hii kwa kurejelea mhusika mmoja wa ngano na mmoja wa tamthilia uliyoisoma.
3. Chagua mhusika mmoja wa kuchekesha katika kitabu chochote cha fasihi ulichosoma. Mchambue kwa kutumia maswali matatu yaliyotolewa katika makala haya.
4. Je, ni lini kuiga lafudhi katika maigizo ni sanaa, na ni lini ni dharau? Toa hoja zako pamoja na mifano.